Lakabu ya Mtukufu

Mambo haya hayakutokea kwetu. Kwetu hakuna kinachotokea. Tunatangaziwa hivyo redioni kila jioni, na sina sababu ya kutilia shaka. Yalitokea katika nchi nyingine, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa ubaya. Huko kulitaja jina la nchi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwenye ufunguo alipopewa likizo.

Mimi nilisoma huko. Nchi hiyo ilikuwa na kiongozi aliyeitwa Mtukufu Asiyelinganishwa, na ilikuwa na chuo kikuu, na ndani ya chuo mlikuwa na Idara ya Fasihi Linganishi na Sanaa. Mtu mwenye akili angeona mapema kwamba kiongozi wa jina hilo na idara ya jina hilo haviwezi kukaa nchi moja kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hatukuwa na nafasi ya kuona.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa mtamu. Tuliweka wimbo wa kutwanga wa watu wa pwani kando ya wimbo wa kuvuna wa watu wa milimani. Tuliweka kinyago kando ya utenzi. Mwalimu wetu, Dokta Mwaluko, mama mfupi mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, alituambia, "Kulinganisha si kusema kipi bora. Ni kubisha hodi nyumba mbili ukiwa na swali moja, kisha ukasikiliza kila nyumba inajibu vipi."

Mimi nilisikiliza huku nimekunja mikono. Ushairi nilijifunza peke yangu, bila mwalimu, nikiuza mkaa kibandani kwa mjomba wangu huku redio imening'inia msumarini. Nilihesabu mizani kwa vidole vyeusi mpaka masikio yakajua yenyewe mstari ulipojaa na ulipopungua. Nilipoingia chuoni niliona nimekuja kuwasaidia.

Tabu Msechu, tuliyekaa naye benchi moja, alinitibu ugonjwa huo kila siku.

"Malenga wetu," aliniambia, "sogeza kidogo hicho kichwa. Kinanizibia ubao."

*

Mwaka wa pili Mtukufu alitoa diwani. Iliitwa Diwani ya Pumzi Yetu, na ilikuwa nzito kiasi cha kuegeshea mlango. Siku ileile chuo kilipokea nyaraka mbili za Wizara ya Makubaliano. Waraka wa kwanza ulisema kila tasnifu ya Fasihi Linganishi lazima iizungumzie Diwani. Waraka wa pili ulisema kuilinganisha Diwani na kitu chochote ni kosa. Zote mbili zilitiwa saini na mkono mmoja, na wino haukuwa umekauka.

Dokta Mwaluko alizisoma darasani, akazikunja, akatuangalia.

"Basi tutailinganisha Diwani na Diwani," akasema.

Tukafanya hivyo. Mmoja wetu alilinganisha jalada la mbele na jalada la nyuma akapata kwamba yote mawili yako nje. Alipewa alama ya juu kabisa. Katika somo la sanaa tuliweka picha ya Mtukufu ya ofisini kando ya picha ya Mtukufu ya dukani, tukaandika kwamba zinafanana, na kwamba ile ya kwanza inafanana zaidi.

Kisha kijana mmoja aliyeitwa Semkiwa, mpole, mwenye kusoma kwa bidii kuliko inavyofaa, akalinganisha shairi la mwanzo wa kitabu na shairi la mwisho, akaona la mwanzo ni tamu zaidi. Aliandika hivyo kwa nia njema. Hakufikiria kwamba likiwepo lililo tamu zaidi, basi lipo lililo tamu kidogo.

Tuliporudi bwenini siku ya pili, kitanda cha Semkiwa hakikuwepo. Mahali pake paliwekwa chungu cha maua. Mlezi wa bweni alitueleza kwamba mwenzetu amepata nafasi ya masomo ya juu. Hatukuuliza juu wapi. Yale maua tuliyamwagilia kwa zamu, asubuhi na jioni, na kila mtu alikuwa akitetemeka yasije yakanyauka katika zamu yake.

*

Jambo langu mimi lilianza siku Dokta Mwaluko alipotufungulia sehemu ya watoto katika Diwani. Kulikuwa na shairi moja tu humo, linaitwa "Jogoo". Alianza kulisoma kwa sauti, na kabla hajamaliza beti ya kwanza mimi nilikuwa nimekwisha kuimaliza kichwani.

Shairi lilikuwa langu.

Nililitunga kibandani kwa mjomba, juu ya jogoo wa jirani aliyekuwa akiwika wakati wowote anaojisikia, nasi tukaamka gizani, tukafagia gizani, tukaenda kazini gizani, kwa sababu mwenye jogoo alikuwa mtu mkubwa mtaani na hakuna aliyeweza kumwambia. Nililipeleka kwenye gazeti la Serikali, ukurasa wa washairi. Halikutoka. Nikafikiri halikupendwa.

Kumbe lilipendwa sana. Baadaye nilikuja kuambiwa ilivyokuwa. Diwani iliandikwa na kamati ya wizara, watu wazito, ambao katika maisha yao hawakuwahi kutunga hata salamu za harusi. Mtukufu alipopelekewa kazi akaagiza, "Ongezeni shairi moja lenye mnyama, watoto wafurahi." Kamati ikafungua gunia la barua za wasomaji gazetini, ikatoa la kwanza lenye mnyama, ikafuta jina langu pale juu, chini ya kichwa cha shairi. Waliona wamemaliza. Katika akili zao jina la mtu hukaa juu ya karatasi, kama kwenye maombi ya kazi.

Lakini sisi tunaotunga, mtoto wa kwetu yeyote anajua, jina letu huliweka ndani, katika beti ya kufunga. Ndivyo tulivyowakuta waliotutangulia wakifanya, na ndivyo tunavyofanya, ili shairi likisafiri bila karatasi lisifike bila mwenyewe. Dokta Mwaluko akaifikia beti hiyo, sauti yake ikapungua:

Hapa kalamu natua, beti zangu natimiza,
Jogoo hajatambua kwamba bado kuna kiza,
Kibwana mkinijua, Mzeru mkiuliza,
Awika akiamua, nani wa kumtuliza?

Mimi ndiye Kibwana Mzeru. Darasa zima lilikuwa linajua. Hakuna aliyegeuka kuniangalia, na ule ugumu wa shingo zao ndio ulionitisha kuliko kama wangegeuka wote.

"Jina hili katika beti ya mwisho," Dokta Mwaluko akauliza polepole, "ni la nani?"

Tabu alinikanyaga mguu chini ya benchi kwa nguvu zake zote.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Tabu, lile shairi ni—"

"Najua ni la nani. Nyamaza."

"Lakini wamelichukua zima zima. Hata nukta hawakubadili."

"Kibwana, kuna watu wamechukuliwa wazima wazima na hawajasema neno. Wewe umechukuliwa jogoo. Nyamaza, twende tukale."

*

Wiki iliyofuata hatukuwa na mwalimu. Si kwamba Dokta Mwaluko hakuja. Hata ofisi yake haikuja. Mahali palipokuwa na mlango wake palikuwa na ukuta, umepakwa rangi mpya, na ukutani pametundikwa picha ya Mtukufu akitabasamu. Mkuu wa Idara, mzee mmoja mwenye pumu, alitwambia kwamba Dokta amepewa likizo ya heshima.

"Na mlango, mwalimu?" Tabu aliuliza.

"Mlango gani?" mzee akasema, na pumu ikambana palepale, akaondoka akikohoa.

Wengine wetu tulipopita mbele ya ule ukuta tulisema "shikamoo" kwa sauti ya chini. Mwanafunzi mmoja aliapa kwamba alisikia "marahaba". Sikutaka kujua. Nilianza kupita njia ya nyuma ya maktaba, ingawa ni ndefu na ina siafu.

Huko wizarani walikuwa wamekwishagundua kosa, na walikuwa wakiogopa kuliko sisi. Kuiondoa Diwani haikuwezekana. Mtukufu mwenyewe alikuwa amelisoma shairi lile siku ya uzinduzi, mbele ya mabalozi, na alipofika kwenye "Kibwana mkinijua" hakusita wala hakupepesa. Neno likishatoka kinywani mwa Mtukufu ni kweli. Walijaribu kuweka jina lake mahali pa langu, kwa matoleo yajayo, lakini jina lake na cheo chake viliujaza mstari vikamwagikia nje, na hakuna aliyethubutu kupendekeza kwamba Mtukufu apunguzwe.

Basi wizara ikatangaza redioni kwamba Kibwana Mzeru ni lakabu ya Mtukufu, jina lake la utunzi tangu utotoni. Wananchi wote wenye jina hilo walitakiwa kulirudisha.

Wenye jina hilo tulikuwa mmoja.

Mwalimu mgeni alipoita majina darasani alifika kwenye langu akasema, "Jina Limehifadhiwa."

"Nipo," nikaitika. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine.

*

Mwaka wetu wa mwisho, Katibu wa Wizara ya Makubaliano, Bwana Pazi, aliniita. Nilitegemea kukuta mtu wa kutisha. Nikakuta baba wa watu, mnene kiasi, amevaa ndala kwa sababu ya miguu kuvimba, anakula kashata na chai ya maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kula kashata. Umekonda, chuoni hamli?"

"Tunakula, mzee."

"Vizuri. Mimi nina kijana wa umri wako, anasomea mambo ya mifugo. Anapenda sana mashairi ya Mtukufu. Lile la jogoo analighani hadi bafuni." Akapuliza chai. "Shairi zuri. Unalionaje?"

Nilihisi mitego, ila nilikuwa mshairi, na mtu alikuwa amelisifu shairi langu. Mungu anisamehe, nilisema, "Vina vyake vimekaa vizuri."

Akacheka kwa upole. "Ehe. Unaona? Tutaelewana. Mtihani wa mdomo wa kumaliza shahada mwaka huu utarushwa redioni, taifa lisikie vijana wetu walivyoiva. Kila mtahiniwa atapata swali moja. Lako ni hili: Kibwana Mzeru ni nani? Nawe utajibu nini?"

Nilirudisha kashata mezani.

"Utajibu, ni lakabu ya Mtukufu," akanisaidia. "Ni maneno machache, hata mizani hayana. Baada ya hapo utapata shahada ya daraja la kwanza, na jina jipya. Mke wangu amekuchagulia moja zuri. Una swali?"

"Na nikijibu vingine, mzee?"

Hakukasirika. Hilo ndilo ninalolikumbuka usiku hadi leo. Aliniangalia kwa huruma kabisa, kama daktari anayekutazama baada ya kupata majibu ya damu.

"Chuo chenu kina milango mingi mno, mwanangu," akasema. "Na picha tunazo."

Nilimweleza Tabu tukiwa tumeketi nyuma ya jiko la chuo, ambako kelele za masufuria zilitufunika.

"Utajibu alivyosema," Tabu akasema.

"Ni shairi langu."

"Utajibu alivyosema, utachukua shahada, utaenda mbali. Utatunga mengine."

"Kwa jina alilochagua mke wa Pazi?"

"Ulizaliwa uchi, hukuzaliwa na jina." Kisha akapunguza ukali. "Mama yako anakuhitaji ukiwa na pumzi. Mimi sitaki kumwagilia maua kwa ajili yako, Kibwana. Unanisikia? Mikono yangu haina bahati na maua."

Nilimwambia nimemsikia. Nilimaanisha. Kwa siku zote zilizobaki nilijifunza lile jibu kwa moyo, nikilisema nikioga, nikilisema nikifua, na kila nilipolisema nilikuwa naona kitu changu kingine kikiondoka: kwanza jina, kisha kile kibanda cha mkaa, kisha mjomba, kisha masikio yaliyokuwa yakijua mstari umejaa.

*

Ukumbi wa mihadhara wa chuo ni wa ngazi, umeshuka kama bakuli. Watahiniwa tulikuwa chini kabisa. Juu yetu walikaa wanafunzi, walimu, wazazi, maafisa. Vipaza sauti vya redio vilikuwa mezani mbele ya Bwana Pazi, ambaye siku hiyo alivaa viatu na kila mara alikuwa akivilegeza kamba.

Wenzangu walijibu vizuri. Mmoja aliulizwa nani mshairi bora kati ya Mtukufu na Mtukufu. Akafikiri kidogo, ili aonekane msomi, akasema ni vigumu kutofautisha. Ukumbi ukapiga makofi.

"Jina Limehifadhiwa," Bwana Pazi akaita.

Nilisimama. Nikaipandisha kiunoni suruali ya kuazima. Nilisikia meno yangu yakigongana, na nikahofia taifa zima linayasikia.

"Mtahiniwa," akasema kwa ile sauti ya kashata, "Kibwana Mzeru ni nani?"

Nilikuwa na lile jibu. Nilikuwa nalo mdomoni, tayari, limelowa mate. Kama angeuliza kwa ukali nafikiri ningelisema. Lakini aliuliza kama mtu anayejua tayari, amenyoosha mkono kuelekea karatasi ya alama, na nikaona kwamba mbele ya macho yake mimi nilikuwa nimekwisha kuwa ukuta.

"Ni mimi," nikasema. "Shairi la jogoo ni langu."

Hakuna kilichotokea. Ningependa kuandika kwamba radi ilipiga, ila hakuna. Bwana Pazi alibaki na kalamu hewani, uso umemwaga rangi yote. Nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba naye ana mtu wa kumwogopa, na huyo mtu naye ana wake, mpaka juu kabisa, ambako labda kuna jogoo.

Kisha akapona. Akainamia kipaza sauti.

"Jibu halikusikika," akasema. "Kuna hitilafu ya mitambo." Akamgeukia fundi wa redio. "Wewe ulisikia chochote?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Mkuu wa Idara?"

Mzee wa pumu alitikisa kichwa.

"Isemwe, tafadhali. Redio haioni kichwa."

"Sikusikia," mzee akasema.

Ndipo akaanza kuwauliza mmoja mmoja, mstari kwa mstari, na kila mmoja alisimama, akasema sikusikia, akakaa. Wanafunzi niliokula nao. Mlezi wa bweni. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema hakusikia, kisha akasema mtoto pia hakusikia. Sikuwachukia. Nilikuwa nawasikiliza kwa hofu ambayo sikuwahi kuijua, maana kwa kila "sikusikia" nilijiona nikififia kidogo, na nikaanza hata mimi kujiuliza kama kweli nilisema, au nililifikiria tu. Nilijishika mkono nione kama upo.

Zamu ikashuka hadi kwenye benchi yetu. Ikamfikia Tabu.

"Msechu," Bwana Pazi akasema, akiwa amechoka sasa, akitaka tumalize. "Ulisikia chochote?"

Tabu alisimama. Alishika meza kwa mikono yote miwili.

"Nilisikia," akasema.

Bwana Pazi akafumba macho.

"Amesema shairi ni lake, na ni lake kweli," Tabu akaendelea, sauti ikipanda na kukatika. "Alinisomea mwaka wa kwanza tukiwa foleni ya chakula, kabla Diwani haijatoka. Nilimwambia beti ya tatu imepwaya. Na mpaka leo imepwaya."

Ukumbi mzima uliguna kwa pamoja. Hakuna mtu, tangu Diwani itoke, aliyewahi kusema hadharani kwamba kitu chochote ndani yake kimepwaya. Fundi wa redio alinyoosha mkono azime mitambo, akashindwa kukumbuka ni kitufe kipi.

Juu kabisa ya ukumbi, maafisa waliokuwa wameegemea ukuta wakaanza kushuka. Hawakukimbia. Ngazi zilikuwa nyingi, na wenyewe walikuwa na uhakika wa kufika.

Nilipaswa kumwambia Tabu asante. Nilipaswa kumwambia kimbia. Hofu ilikuwa imenijaa hadi kwenye kucha, kwa sababu mpaka dakika ile niliogopa kwa ajili yangu peke yangu, na sasa tulikuwa wawili. Lakini mimi ni mtu mwenye kiburi na shairi langu, hilo siwezi kulificha.

"Imepwaya wapi?" nikamuuliza.

"Mstari wa pili." Alikuwa analia, na bado alikuwa ananitazama kwa yale macho yake ya benchi. "Jogoo umemwita mfalme, halafu palepale ukamwita mlinzi. Mlinzi anaamka kwa ajili ya wengine. Mfalme anawaamsha wengine kwa ajili yake. Huwezi kuwa na vyote. Chagua."

Nikaurudia mstari kichwani, na vidole vikahesabu vyenyewe ubavuni mwa suruali. Mizani ilikuwa sawa. Vina vilikuwa sawa. Maana ilikuwa imepinda, na hakuna mtu mwingine katika nchi ile aliyekuwa ameisoma kwa makini kiasi cha kuona.

"Ni kweli," nikasema.

Viatu vilikuwa vimefika nyuma yetu. Mkono mzito ukanikaa begani, na mwingine ukamkaa Tabu.

"Nitaurekebisha nikitoka," nikamwambia.

"Tukitoka," akasema Tabu. "Na utanisomea kabla hujampelekea mtu."